Maswali ya Wasomaji: Siku Moja ya Kuwatembeza Watoto India

Toleo hili tunajibu barua tatu zilizotoka kwa familia zilizo katika hali inayofanana. Wote wako India, au wako njiani kwenda huko, kwa matibabu, masomo au likizo, na wote wamebakiwa na siku moja ya kuwatembeza watoto.

Mhariri, salaam. Nipo Chennai na mama mkwe wangu, ambaye alifanyiwa upasuaji wa goti na sasa anatembea kwa fimbo. Kwa kuwa ni likizo ya Juni nimekuja na wanangu watatu, wa miaka minne, minane na kumi na mitatu, na tangu tufike hawajaona kitu zaidi ya hospitali, nyumba ya wageni na duka la jirani. Daktari amesema mama anaweza kusafiri kwa gari mwendo mfupi, na kliniki yetu ni wiki ijayo. Watanzania wenzetu tuliopanga nao wananihimiza niwapeleke watoto Taj Mahal, eti ni aibu kurudi nyumbani bila kuiona. Je, inawezekana kwa siku moja? Kama haiwezekani, niwapeleke wapi? (Mama wa watatu, Chennai)

Pole kwa kuuguza, dada. Kwa siku moja haiwezekani, na hata kama ingewezekana nisingekushauri. Taj Mahal iko Agra, kaskazini mwa India. Kutoka Chennai ungepanda ndege hadi Delhi kwa muda unaokaribia saa tatu, kisha gari kwa saa nyingine tatu au nne, halafu urudi njia ileile ukiwa na mgonjwa wa goti na mtoto wa miaka minne. Wenzako wanakutakia mema, lakini hawajaitazama ramani.

Nendeni Mahabalipuram, mji mdogo wa pwani ambao vibao vingine huuandika Mamallapuram, ulio kiasi cha kilomita 55 kusini mwa Chennai kwa barabara inayofuata bahari, East Coast Road. Ulikuwa bandari ya wafalme wa ukoo wa Pallava, na katika karne ya 7 na ya 8 mafundi wao walichonga mahekalu, mapango na sanamu katika majabali ya matale yaliyotapakaa hapo, kazi ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1984. Uzuri wake kwa familia kama yenu ni kwamba vitu vikuu vimekaribiana, viko mahali pa wazi, na vingi ni wanyama, kwa hiyo hata mtoto asiyejali habari za wafalme hupata cha kutazama.

Kwa kuwa ni Juni, adui yenu mkubwa ni joto. Mvua kubwa za Chennai huja kati ya Oktoba na Desemba, wakati upepo unapovuma kutoka kaskazini mashariki, na mwezi huu jua linaweza kufikisha nyuzi 38 au zaidi. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, watoto wakiwa wamelala garini na nguo zao za kutembelea mwilini, ili mfike malango yanapofunguliwa saa kumi na mbili. Anzeni na Hekalu la Ufukweni, ambalo lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 8 na bado minara yake miwili inatazama bahari. Michongo yake imeliwa na upepo wa chumvi kiasi kwamba nyuso nyingi hazitambuliki tena. Mweleze mwanao wa miaka kumi na mitatu kwamba mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, yaleyale yaliyofika hadi pwani yetu na kuua watu, yalisomba mchanga wa ufuko huu na kufichua mawe yaliyochongwa ambayo hayakuwa yakionekana. Msiwaruhusu kuogelea hapo, kwa kuwa mkondo wa bahari ni mkali hata pale maji yanapoonekana kutulia.

Kutoka hekaluni chukueni bajaji, au dereva wenu awasogeze, hadi kwenye Pancha Rathas, mahekalu matano yenye umbo la magari ya kukokotwa, ambayo kila moja limechongwa katika mwamba mmoja kuanzia juu kushuka chini na hakuna lililokamilishwa. Pembeni yake amesimama tembo wa jiwe mwenye ukubwa wa tembo wa kweli, na kwa uzoefu wangu watoto wadogo humwendea yeye kwanza na mahekalu huyasahau. Hapo mama mkwe atafute kivuli akae. Ardhi ni ya mchanga na haifai kwa fimbo.

Kitu kinachostahili muda mrefu kuliko vyote kiko katikati ya mji, kando ya barabara: jabali lenye upana unaokaribia mita 30, lililochongwa uso wake wote kwa miungu, watu na wanyama wanaoelekea kwenye ufa uliolipasua katikati. Wataalamu wamebishana muda mrefu kama mchongo huo unaonyesha toba ya Arjuna, shujaa wa visa vya Kihindu, au kushuka kwa mto Ganges kutoka mbinguni, lakini nyinyi mwachieni mtoto wa miaka minane kazi moja tu, amtafute paka. Yupo chini, karibu na tembo wakubwa, amesimama kwa miguu ya nyuma na kuinua ya mbele juu ya kichwa kama mtu aliyezama katika ibada, na panya wamemkusanyikia bila hofu. Akishampata ataanza mwenyewe kuhesabu tembo watoto waliojificha miguuni pa wazazi wao, na wewe utapata dakika za kumpa mdogo wake maji.

Nyuma kidogo, mlimani, lipo jiwe la mviringo linaloitwa Mpira wa Siagi wa Krishna, mmoja wa miungu ya Wahindu, lenye kimo cha mita 6 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 250, ambalo limekaa kwenye mteremko kana kwamba litabingirika sasa hivi. Husimuliwa kwamba mwaka 1908 gavana wa Madras (jina la zamani la Chennai), Arthur Lawley, aliagiza tembo saba walivute kwa kuhofia usalama wa watu wa chini, nalo halikutikisika. Mteremko ulio kando yake umelainika kwa watoto wanaouteleza kwa makalio, na wako watateleza pia, kwa hiyo wasivae nguo unayoipenda.

Ikifika saa nne asubuhi muwe mmemaliza, kwa sababu jiwe hupata joto na watoto huanza kununa. Kuleni chakula cha asubuhi hapohapo mjini. Idli, yaani vikate laini vya mchele na choroko vilivyopikwa kwa mvuke, havina pilipili wala mafuta na mtoto wa miaka minne atavikubali. Wali uliochanganywa na mtindi nao humfaa yule ambaye tumbo limemsumbua. Ukitaka chakula kisichowasha, mwambie mhudumu *karam vendam*, na ataelewa. Kama mnaulizia halali, njia rahisi kuliko zote ni mikahawa isiyopika nyama kabisa, ambayo huandika wazi mlangoni kwamba ni ya mboga tu. Maji yawe ya chupa ambayo kizibo chake kimevunjwa mbele yenu, na juisi yenye barafu iacheni.

Mkirudi Chennai, njia ileile inapita kwenye shamba la mamba la Madras Crocodile Bank, lililoanzishwa mwaka 1976 na mtaalamu wa nyoka Romulus Whitaker. Watoto wa Kitanzania wamewaona au kuwasikia mamba wetu, lakini mamba aina ya gharial, mwenye pua nyembamba ndefu kama koleo na anayekula samaki, haishi Afrika kabisa. Ndani ya eneo hilo kuna pia chama cha ushirika cha Wairula, kabila ambalo kwa vizazi vingi liliishi kwa kukamata nyoka, na ambalo tangu 1978 linakamua sumu ya nyoka hao ili viwanda vitengeneze dawa ya kutibu walioumwa. Hukamua mbele ya wageni, na mtoto wa miaka kumi na mitatu ambaye asubuhi nzima alikuwa anaangalia simu ataiweka mfukoni. Jumatatu shamba hufungwa. Siku hiyo, au kukiwa na jua lisilovumilika, badala yake ingieni DakshinaChitra huko Muttukadu, makumbusho yaliyofunguliwa 1996 ambako nyumba za kale za kusini mwa India zilibomolewa zilikokuwa na kujengwa upya, na watoto hufinyanga vyungu kwenye vivuli. Nayo hufungwa Jumanne. Chagueni moja kati ya hayo mawili. Mkiyaunganisha yote, saa nane mchana mtakuwa mmebeba watoto wawili wanaolia na bibi aliyevimba goti.

Kuhusu gari, kodini teksi ya kutwa na muulize kabla ya kuondoka bei inajumuisha kilomita ngapi na saa ngapi, na kama posho ya dereva, ushuru wa barabara na maegesho vimo au ni juu yenu. Ugomvi mwingi wa jioni hutokana na hayo matano. Magari mengi hayana kiti cha mtoto, kwa hiyo mdogo akae nyuma na asipakatwe kiti cha mbele. Msimamisheni dereva njiani ili mama mkwe anyooshe mguu na kutembea kidogo, na umuulize mtaalamu wake wa mazoezi afanye hivyo kila baada ya muda gani. Tiketi ya mgeni kwa mahekalu ya Mahabalipuram ni rupia 600 ilhali raia wa India hulipa 40, tofauti ambayo huwaudhi wengi, lakini watoto walio chini ya miaka 15 hawalipi, kwa hiyo nyinyi mtalipia watu wazima wawili tu. Bebeni noti ndogondogo. Wauzaji wengi hulipwa kwa simu, na mgeni asiye na huduma hiyo akitoa noti ya 500 mara nyingi hukosa chenji.

Bebeni pia nakala za pasi, kadi ya hospitali na dawa zote za mama za siku hiyo, hata zile za usiku.

Mheshimiwa Mhariri, tutakuwa Delhi kwa siku chache mwezi Desemba tukitokea Nairobi. Tuna mapacha wa miaka mitatu na binti wa miaka kumi. Mke wangu anataka twende Agra na kurudi siku hiyohiyo. Mimi nina wasiwasi. Isitoshe, ndugu yangu aliyeishi huko ameniambia kwamba watu watataka kupiga picha na watoto wetu kila tunapopita. Utatushauri nini? (Baba mapacha, Nairobi)

Wasiwasi wako una msingi, ndugu yangu, ingawa mkeo naye hajakosea, kwa sababu kutoka Delhi safari hiyo inawezekana. Treni ya Gatimaan Express huondoka kituo cha Hazrat Nizamuddin saa mbili na dakika kumi asubuhi na kufika Agra kabla ya saa nne, kisha hurudi jioni na kuwafikisha Delhi saa moja na nusu usiku. Ijumaa haisafiri, na Ijumaa ndiyo siku ambayo Taj Mahal hufungwa, kwa hiyo hata anayekwenda kwa gari asipange siku hiyo.

Ninachokiogopa zaidi ni ukungu. Desemba na Januari ukungu wa tambarare za kaskazini huchelewesha treni kwa saa kadhaa, na wapo waliofika Taj asubuhi wakaona ukuta mweupe mbele yao badala ya kuba. Ongezeni kwamba India iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu, na mapacha watakaoamshwa saa kumi na mbili asubuhi ya Delhi watakuwa, kwa miili yao, wameamshwa saa tisa na nusu usiku.

Kwa hiyo ningegawa familia. Mama aende Agra na binti wa miaka kumi, ambaye yuko katika umri wa kuielewa habari ya Mumtaz Mahal, malkia aliyefariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wa kumi na nne, na mumewe Shah Jahan aliyeanza kumjengea kaburi hilo mwaka uliofuata na hatimaye akazikwa kando yake. Tiketi ya mgeni ni rupia 1,100, na anayetaka kuingia ndani ya kaburi lenyewe huongeza 200, binti hatalipa. Wasibebe chakula, kwa kuwa hunyang'anywa mlangoni, na wajue kwamba tiketi ina ukomo wa saa tatu, muda ambao kwa kweli unatosha.

Wewe baki Delhi na mapacha, uwapeleke Makumbusho ya Taifa ya Reli huko Chanakyapuri, ambako injini za zamani za mvuke zimepangwa kwenye uwanja mpana na treni ndogo huwazungusha wageni. Hufungwa Jumatatu. Nendeni kwa metro, ambayo watoto wenye kimo kisichozidi sentimita 90 hawalipiwi; kwa watoto wa miaka mitatu safari yenyewe ya metro ni nusu ya starehe, na baba anayesukuma mapacha peke yake hupewa kiti haraka kuliko anavyotarajia.

Kuhusu picha, nduguyo amekwambia kweli. Kwenye maeneo ya kitalii familia nzima za Kihindi, mara nyingi zilizotoka vijijini, zitaomba kupiga picha na watoto wenu, na wengine watagusa nywele za binti kabla ya kuuliza. Wengi hufanya hivyo kwa bashasha tu na wao pia watakupa mtoto wao umshike, lakini mtoto hana wajibu wa kuifurahisha halaiki. Kubalianeni naye kabla ya kutoka kwamba akikushika mkono na kuubana, jibu ni hapana, na wewe ndiye utakayelisema kwa tabasamu huku mkiendelea kutembea. Mkisimama kwa picha ya kwanza, foleni itajipanga. Anayegusa nywele azuiwe waziwazi. Neno *nahin* na kiganja kilichoinuliwa vinaeleweka kila mahali.

Mhariri, ninasoma shahada ya uzamili Ahmedabad. Mke wangu na watoto wetu wawili, wa miaka sita na tisa, wanakuja kutoka Dodoma kunitembelea katikati ya Januari. Nina Jumapili moja tu ya kuwa nao kabla ya mitihani. Je, hapa kuna cha kuwaonyesha watoto, au nitafute mji mwingine? (Mwanafunzi, Ahmedabad)

Usitoke Ahmedabad, ndugu. Safari ya kwenda mji mwingine ndiyo itakayoila Jumapili yako. Anzeni asubuhi na Adalaj, kisima cha ngazi kilichojengwa mwishoni mwa karne ya 15, kiasi cha kilomita 18 kaskazini mwa jiji. Watoto watashuka ghorofa tano chini ya ardhi kati ya nguzo zilizochongwa, na kila wanaposhuka watahisi hewa ikipoa. Waulize kwa nini, uwaache wabishane hadi chini. Shikeni mikono ukingoni mwa shimo.

Mkirudi mjini, piteni Msikiti wa Sidi Saiyyed. Ni mdogo na umezungukwa na magari, na wenyeji wengi huupita bila kugeuka, lakini katika nchi nzima sijui mahali panapomgusa Mwafrika kwa namna yake. Ulijengwa mwaka 1572 na 1573, siku za mwisho za usultani wa Gujarat, jimbo lenu hilo la Ahmedabad, na Sidi Saiyyed mwenyewe, mtu wa asili ya Habasha, yaani Ethiopia, aliyepata cheo na mali katika utumishi wa huko. Madirisha yake ya nyuma ni mabamba ya jiwe yaliyotobolewa kwa ustadi hadi yakawa mti ambao matawi yake yamesokotana na mnazi, membamba kama lesi, na unaweza kuyaona hata ukiwa nje, upande wa barabara. Mpe mtoto wa miaka tisa karatasi na penseli ajaribu kufuata tawi moja kutoka shinani hadi ncha. Watu wenye asili ya Afrika, wanaoitwa Wasidi, bado wapo Gujarat, wengine wao katika kijiji cha Jambur karibu na msitu wa Gir, lakini huko ni mbali mno kwa Jumapili yako.

Sabarmati Ashram, ambako Gandhi aliishi tangu 1917 na kuondokea tarehe 12 Machi 1930 katika matembezi ya chumvi, ya kupinga kodi ya chumvi ya Waingereza, kuelekea pwani ya Dandi, haina kiingilio na ina miti na mto. Kwa watoto wa umri huo nusu saa yatosha. Jioni wamalizie Kankaria, ziwa lililochimbwa karne ya 15, ambako kuna treni ndogo na bustani ya wanyama.

Jambo moja la kalenda. Tarehe 14 Januari jiji zima hupanda kwenye mapaa kurusha tiara, na kama familia yako itakuwa imefika, mwenye nyumba wako huenda akawakaribisha juu. Kubali, ila uhakikishe paa lina ukuta wa kuzuia, na watoto wasishike uzi kwa mikono mitupu, kwa sababu wengi huupaka unga wa vioo ili ukate nyuzi za wapinzani. Nyuzi zilizokatika huning'inia barabarani kwa siku kadhaa baadaye na hujeruhi shingo za wapanda pikipiki, kwa hiyo Jumapili hiyo, hata kama una pikipiki ya kuazima, wachukulie teksi.